MJADALA: Majina ya watafiti wa tiba ya michezo yafichwe kwa wapitiaji?

Mleta mada: Wapitiaji ni wataalamu wanaosoma andiko la utafiti na kulishauri jarida kama lichapishwe. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio lililofanyika kwenye jarida la upasuaji wa mifupa, jirani wa karibu kabisa wa tiba ya michezo. Liliandaliwa andiko la kutunga, likatiwa makosa makusudi, wakapewa wapitiaji 119. Kundi moja liliambiwa waandishi ni marais wawili wastaafu wa chama cha madaktari wa mifupa Marekani. Kundi lingine halikuona jina. Walioona majina, asilimia 87 walitaka lichapishwe; wasioona, 68. Andiko ni lilelile!

Msimamo wangu: yafichwe, kila jarida. Anayepinga alete hoja.

Daktari wa Benchi: Napinga. Fani yenyewe ndogo. Andiko likisema "wachezaji wa kulipwa tuliowafuatilia misimu mingi", wapitiaji wameshajua ni kina nani, maana wenye data za hivyo wanahesabika. Ukishuka kwenye marejeo, wamejinukuu wenyewe ukurasa mzima. Kinachonikera zaidi ni kwamba ukificha jina unaweza kumficha na aliyelipa. Kama anayesifia mikanda ya goti analipwa na mwenye kiwanda cha mikanda, nataka kujua kabla sijafika kwenye jedwali la kwanza.

Mleta mada: Hilo dogo. Iandikwe tu kwamba mmoja wa waandishi analipwa na mtengenezaji. Jina la nini?

Mama Fizio: Samahanini wakubwa, mnagombania majina na matokeo mmeyaacha. Kuna jaribio lingine la 2010, majarida mawili ya mifupa. Andiko moja, matoleo mawili: hili linasema tiba imesaidia, lile linasema hakuna tofauti. Lenye habari njema, asilimia 97.3 ya wapitiaji walitaka lichapishwe; lenzake, 80. Na mbinu, zilizofanana neno kwa neno, zilipewa alama za juu kwenye toleo lenye habari njema. Hapo jina halikuhusika hata kidogo.

Mimi nasema mpango wa utafiti upitiwe kabla data hazijakusanywa. Ukikubaliwa, jarida linaahidi kuchapisha matokeo yoyote yatakayopatikana, mradi mpango umefuatwa. Mgonjwa wangu anahitaji sana kusikia "haikusaidia". Mwaka 2013 Wafini waliwafanyia baadhi ya wagonjwa upasuaji halisi wa kupunguza gegedu lililochanika gotini, wengine wakafanyiwa wa kuigiza. Baada ya mwaka, wote walikuwa sawa. Fikiria matokeo hayo yangebaki kabatini.

Daktari wa Benchi: Hapo nakuunga mkono, kwa majaribio ya tiba. Lakini kazi zetu nyingi ni kumbukumbu za majeraha ambazo timu ilishaziandika kabla mtafiti hajapata hata swali. Data zipo tayari, mwenyewe ameshazichungulia. Huo mpango unaupitia kabla ya nini?

Mama Fizio: Basi kwa hizo, ficheni majina. Ila msiniambie mmemaliza kazi.