Mjadala: Misingi ya mitandao tuanze na matabaka saba, au tuanze na pakiti?

Mleta mada

Wakuu, nafundisha misingi ya mitandao ya kompyuta kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ya uhandisi, na kila muhula nakutana na kitu kile kile. Mwanafunzi anakutajia matabaka saba ya OSI, ule mchoro unaogawa kazi za mtandao kuanzia kebo hadi programu, kutoka chini kwenda juu, na ukitaka kutoka juu kwenda chini, bila kugugumia. Mpe kompyuta mbili, swichi na kebo, kisha pingi (jaribio la kuiuliza mashine nyingine kama ipo) igome. Anakutazama wewe. Hajui aanze kuangalia wapi.

Pendekezo langu ni kuuondoa ule mchoro wa matabaka kwenye wiki za mwanzo. Tumpe pakiti, vile vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni. Awashe Wireshark, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti, afungue ukurasa mmoja tu, halafu tumuulize: kabla ukurasa haujaja, kompyuta yako iliuliza nini, na ilimuuliza nani? Ataona ARP, inayotafuta mashine ndani ya mtandao wake, ikiwatangazia wote "nani mwenye anwani hii?", ataona swali la DNS linalotafuta anwani ya jina la tovuti, ataona salamu tatu za TCP za kufungua muunganisho. Ahesabu kwa mkono wake kichwa, yaani maelezo ya mbele ya pakiti: cha IP baiti 20 kisipokuwa na nyongeza, cha TCP 20, cha UDP (ndugu mwepesi wa TCP asiye na salamu) 8. Akishafika hapo, neno "tabaka" litakuwa jina la kitu alichokwisha kukiona.

Na tuseme ukweli kuhusu historia. ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, ilihamia TCP/IP tarehe 1 Januari 1983. Kiwango cha OSI kilichapishwa mwaka 1984, na itifaki (kanuni za mawasiliano) zilizobuniwa kwa ajili yake karibu zote hazitumiki leo. Ndiyo maana mwanafunzi akiuliza TLS, inayofunga mawasiliano yasisomwe na wengine, iko tabaka gani, sisi walimu tunaanza kujikuna kichwa.

Fundi wa zamu

Mkuu, nakupinga kidogo. Usiku wa manane mtandao ukianguka, hatuna muda wa kupiga hadithi. Mwenzangu ananiambia, "tabaka la kwanza nimelimaliza, la pili safi, shida iko la tatu." Kwa sentensi hiyo moja najua kebo ni nzima, taa ya swichi inawaka, fremu zinapita, na kwamba niende kwenye njia za ruta. Hiyo ni lugha ya kazi. Ukimnyima mwanafunzi lugha hiyo atakuja kwetu akiwa bubu.

Ila nakiri, katika miaka yangu yote sijawahi kumsikia fundi akisema tatizo liko tabaka la tano.

Mhadhiri wa mawasiliano

Ndugu zangu, mnagombania milango ya nyumba ambayo hamjaingia. Mmoja anataka mwanafunzi ataje, mwingine anataka atazame. Mhandisi anatakiwa aseme *kwa nini*, na akokotoe.

Chukueni mfano wa Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha jirani yake, UC Berkeley, umbali wa yadi 400 hivi, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Hakuna kebo iliyokatika. Foleni zilijaa, pakiti zikamwagika, kila kompyuta ikadhani dawa ni kutuma tena, na kule kutuma tena ndiko kukazidi kujaza foleni. Mtafiti Van Jacobson alieleza mwaka 1988 jinsi ya kuirekebisha TCP ili mtumaji aanze polepole na apunguze mwendo akiona pakiti zinapotea. Mwanafunzi anayeielewa hadithi hii vizuri ameelewa nusu ya somo. Kwenye mchoro wa matabaka saba haionekani, na kwenye skrini ya Wireshark ataona pakiti zikirudiwa tu bila kujua ndani ya foleni kuna nini.

Mfano mwingine, wa dakika tano ubaoni. Dirisha la TCP, yaani data inayoweza kutumwa kabla ya kusubiri jibu la kupokelewa, bila nyongeza lina kikomo cha baiti 65,535. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 200, huwezi kupitisha zaidi ya megabiti 2.6 kwa sekunde, hata kama umelipia njia ya megabiti 1,000. Nimeona wahitimu wakimlaumu mtoa huduma kwa jambo ambalo kalamu na karatasi vingelimaliza.

Na zile maabara za kukariri amri za ruta ya kampuni moja, tuwaachie wanaoandaa vyeti vya ufundi. Kampuni ikibadilisha amri, mwanafunzi anabaki na nini?

Mwaka wa nne

Shikamooni walimu. Naomba niseme kutoka upande wa dawati.

Tulikaa wiki mbili kwenye madaraja A, B na C, mgawanyo wa zamani wa anwani za IP. Nilikuja kugundua mwenyewe kwamba mfumo wa CIDR, unaogawa anwani kwa idadi yoyote ya biti, uliyaweka kando tangu 1993. Tukafanya hesabu ndefu za CSMA/CD, utaratibu wa mashine nyingi kugawana kebo moja, fremu zinagongana, kila mmoja anasubiri muda wa kubahatisha. Kwenye maabara kila kompyuta ina mlango wake wa swichi na inatuma huku inapokea, kwa hiyo hakuna cha kugongana. Niliuliza. Nikaambiwa, "itatoka kwenye mtihani."

Lakini kugawa anwani kwa mkono kulinisaidia sana, msikuondoe. Ukinipa 192.168.10.77/27 (biti 27 za mwanzo ni za mtandao) najua mara moja mtandao unaanzia .64, anwani ya tangazo la kuwafikia wote ni .95, na mashine zinakaa kati ya .65 na .94. Hilo halikunijia kwa kukariri, nilizichora biti 32 hadi zikaniingia.

Mhadhiri wa mawasiliano

Marahaba. Kuhusu kugongana, usitupe mtoto pamoja na maji ya kuogea… hapana, msemo huo si wetu, niseme wazi: usilifute wazo, libadilishie mahali. Wi-Fi bado ni hewa moja inayogombaniwa na wengi. Pale wanakwepa kugongana kabla ya kutuma, kwa kuwa redio ikiwa inatuma haiwezi kumsikia mwingine vizuri. Wazo ni lile lile. Aliyekufundisha alisahau kukuvusha.

Mwalimu wa darasa kubwa

Mleta mada, mipango yako ni mizuri kwa darasa la watu kumi na watano. Mimi ninao zaidi ya mia mbili, maabara ina mashine chache. Halafu huwezi kuwaambia watu mia mbili wanase pakiti kwenye mtandao wa chuo. Humo mna mawasiliano ya watu wengine.

Kuna jambo jingine hukuligusa. Pakiti ya leo imefungwa kwa siri. Mwanafunzi akifungua ukurasa wowote wa kawaida ataona TLS na maandishi yasiyosomeka. Ukurasa ukija kwa QUIC, itifaki inayopita juu ya UDP na iliyofanywa kiwango rasmi mwaka 2021, hata zile salamu tatu za TCP hazipo. Kivinjari kikipeleka maswali ya DNS ndani ya HTTPS, njia iliyofungwa ya kuletea kurasa za wavuti, nalo swali la DNS halionekani. Na ARP? Jibu lake huenda limeshahifadhiwa, hivyo haliulizwi tena. Somo lako la kwanza litakuwa kioo cheusi.

Mleta mada

Hapo umenishika, mwalimu. Nilikuwa nafikiria mtandao wa nilipoanza kazi.

Basi narekebisha. Wiki ya kwanza hatunasi chochote. Nawapa faili moja la pakiti nilizozinasa kwenye mashine zangu mwenyewe, HTTP isiyofungwa na DNS ya kawaida, wote mia mbili wanafungua faili lile lile kwenye kompyuta zao. Wiki ya nne wanajenga mtandao kwa Mininet, ambayo inaigiza swichi na mashine ndani ya kompyuta moja. Namba za matabaka zinaingia hapo katikati, kwa heshima ya Fundi wa zamu, na hesabu ya dirisha naiweka ubaoni.

Kwenye mtihani sirudi nyuma. Swali la "taja matabaka saba" liondoke. Badala yake nitatoa hili: mashine inatuma SYN, ile salamu ya kwanza ya TCP. Hakuna jibu. Inatuma tena baada ya sekunde 1, kisha kwenye sekunde ya 3, kisha ya 7, halafu faili linaishia. Eleza nini kinaweza kuwa kimetokea, na useme ungeangalia nini kingine ili uamue.

Mwaka wa nne

Mlango wa huduma kwenye seva ungekuwa umefungwa tu, seva ingerudisha RST, yaani ujumbe wa kukataa muunganisho. Hapa kimya kabisa, kwa hiyo kuna ukuta wa moto (kichujio cha usalama) unaozitupa pakiti, au seva imezimika.

Fundi wa zamu

Au SYN ilifika na jibu likatumwa, ila ruta ya upande wa pili haijui njia ya kurudi kwako. Imenitoa jasho zaidi ya mara moja. Ukiwa na faili la upande mmoja tu huwezi kuyatenganisha hayo matatu.

Mwaka wa nne

Kwa hiyo jibu ni kuomba faili lililonaswa kwenye seva?

Mleta mada

Alama zote. Ila unisahihishie na wenzako mia mbili.