Nalitoaje pazia kuukuu la dirisha la paa bila kuharibu mbao?

Mama Nuru
Habari zenu wapendwa. Chumba cha binti yangu kiko darini, na dirisha lake limelala na mteremko wa paa, juu ya kitanda kabisa. Pazia ni lile la kujiviringisha kwa springi, tulilikuta tulipohamia. Sasa limechoka. Kitambaa kimekauka kikapasukapasuka, jua likichomoza vitundu vinang'aa ukutani, na mtoto anaamka saa kumi na mbili kasorobo kila siku ya Mungu. Ukilivuta hadi katikati halikai, linarudi juu kwa kishindo.

Jana nilipanda ngazi nilitoe. Pembeni kuna reli mbili za alumini, kila moja ina skrubu tatu. Juu kuna boksi jembamba ambalo silioni skrubu hata moja. Skrubu moja ya kushoto imelika kichwa, bisibisi inazunguka tu. Kifuniko cha plastiki cha pembeni nimekigusa kikavunjika kama biskuti. Nikashuka. Naogopa kupasua mbao, na zaidi naiogopa ile springi. Nianzie wapi? Na la kununua nipime kioo?

Fundi Darini
Umefanya vizuri kushuka, Mama Nuru. Hiyo springi iheshimu. Mimi niliwahi kufungua reli pazia likiwa limeshuka nusu. Ule mti wa chini wa pazia, wa kulivutia, ukachomoka, ukaruka juu ukanipiga kidole, na kucha ikageuka nyeusi.

Kwa hiyo funga dirisha, kisha pandisha pazia lote mpaka juu. Hapo springi imelegea kuliko popote. Ufunge ule mti kwenye boksi kwa utepe wa karatasi wenye gundi, mizunguko miwili mitatu, usije ukakuangukia. Ndipo ufungue reli. Skrubu iliyolika, weka kipande cha rababendi juu ya kichwa chake, kandamiza bisibisi kwa nguvu na uzungushe polepole sana. Ikikataa, toboa kichwa kwa keekee, toa reli, halafu mwili uliobaki uung'oe kwa koleo.

Boksi huoni skrubu kwa sababu mara nyingi huwa limebanwa tu kwenye vishikizo viwili vilivyofungwa pembe za juu. Penyeza bisibisi bapa pembeni, sukuma ulimi wa kishikizo, litalegea. Anza upande mmoja huku mtu akishikilia wa pili. Plastiki iliyopigwa jua miaka mingi haina ustahimilivu, hivyo ikivunjika usihuzunike. Mbao ndizo za kulindwa.

Asha wa Mapazia
Dada, usipime kioo! Nimeona watu wengi wakirudisha pazia kwa kosa hilo. Fungua dirisha utazame ukingo wa juu wa ile fremu inayofunguka, utaona kibati kidogo chenye herufi na namba. Kwa mfano, kwenye dirisha la kampuni ya VELUX kikisomeka GGL MK04, GGL ni aina ya dirisha, na MK04 ni saizi: sentimita 78 kwa 98 za fremu ya nje. Ya zamani huandikwa M04 au 304, na saizi ni ileile. Agiza kwa namba hiyo. Na kwa mtoto chukua lenye kitambaa cha kuzuia mwanga na reli za pembeni, maana bila reli mwanga unapenya kandokando.

Mama Nuru
Limetoka! Rababendi imenisaidia kwenye jaribio la tatu, nilikuwa karibu kukata tamaa. Chini ya reli mbao bado zina rangi yake ya mwanzo, nyeupe kabisa, na nzi wakavu wamejipanga kama kwenye sanduku. Nimefuta vumbi, nimeziba matundu kwa puti, nikapiga msasa. Kibati kilisomeka M04. Pazia jipya limeingia kwenye vishikizo vilevile vya zamani, "tik", bila kutoboa tundu jipya juu. Saa sita mchana nimelishusha nikanyoosha mkono mbele ya uso, vidole sikuviona. Leo Nuru kaamka saa moja na nusu, mimi ndiye niliyeenda kumchungulia nikidhani anaumwa.

Kimebaki kiuzi cha mwanga chini, kona ya kulia. Kinatibika?

Fundi Darini
Hongera sana! Hapo reli ya kulia imekaa juu kidogo. Legeza skrubu zake bila kuzitoa, isukume chini mpaka iguse mbao, kaza tena ukianzia ya katikati.

Mama Nuru
Ilikuwa milimita tatu tu. Kiuzi hakipo.