Nimepata udahili wa masta Kanada ila ufadhili hakuna. Tuuze miti?

Mwanjelwa_Kwetu:
Habari za humu wakuu. Naomba ushauri, matusi pelekeni kwenye nyuzi za Simba na Yanga.

Mimi ni afisa kilimo kwenye halmashauri moja huku Mbeya, nimeshathibitishwa kazini. Digrii nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, GPA 3.9. Nimepata udahili wa masta ya sayansi ya mimea Kanada, kuanza Septemba. Barua nzuri kweli, mpaka jina la babu wamelipatia, ila kwenye kipengele cha fedha wameandika mwanafunzi atajigharamia.

Mzee ana ekari sita za misindano Mufindi, ina miaka tisa, yuko tayari kuuza. Mama hataki hata kusikia. Mimi nafikiria mkopo wa mshahara na kidogo cha SACCOS, halafu nikifika nitafute ile kazi ya kumsaidia profesa. Wenye uzoefu, hiyo kazi inapatikana ukishafika? Nina wiki mbili za kulipa pesa ya kushikilia nafasi.

Kijana_wa_Mafinga:
Kamwene. Msikilize mama. Mti wa miaka tisa ukiupasua unapata mbao chache nyembamba, ndio kwanza unaanza kunenepa. Na wanunuzi wa miti michanga wakishajua una haraka ya ada hawapimi kitu, wanazunguka shamba mara moja wanakutajia bei ya ekari.

Binti_Rungwe:
Kaka, niko huku Kanada mwaka wa pili, ngoja nikuulize kitu kabla hujagusa shamba la mzee. Hiyo masta ni ya madarasa tupu au ya utafiti? Rudi kwenye barua uangalie. Ya madarasa kwa kawaida haina pesa, chuo kinakuona wewe ndiye mteja. Ya utafiti ina pesa kwa sababu profesa ana mradi na anahitaji mtu wa kumfanyia kazi, na idara nayo inakupa saa za kusahihisha na kusimamia wanafunzi maabara. Idara nyingi za kilimo huku hazikudahili kwa utafiti mpaka profesa mmoja aseme "huyu namchukua". Kwa hiyo pesa hupangwa ukiwa bado uko Mbeya. Wanaofika kwanza ndipo watafute wapo, ila wengi niliowaona wanaishia kupanga bidhaa dukani usiku, na sheria inaruhusu saa 24 tu kwa wiki nje ya chuo wakati wa masomo. Ada ya mwanafunzi wa nje haitoki humo.

La pili, ambalo mimi hakuna aliyeniambia. Marekani nafasi kama hizi mara nyingi huja pamoja na msamaha wa ada. Kanada mara nyingi unapewa posho, kisha ada unalipa humohumo kwenye posho. Ukiona barua inasema dola 24,000 kwa mwaka usianze kupiga vigelegele. Toa ada ya mgeni kwanza, toa bima ya afya, kinachobaki gawa kwa 12 uone kama kinatosha chumba. Uliza pia kuanzia Mei mpaka Agosti nani analipa, maana kazi za kufundisha hufuata mihula na kiangazi chao unaweza kujikuta huna kitu. Na usije na mfuko mtupu hata ukifadhiliwa, malipo ya kwanza huchelewa na mwenye nyumba anataka kodi siku unayoingia.

Mzee_wa_Isyesye:
Mwanangu, huo mkopo umeupigia hesabu? Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, kila laki ya mshahara wa msingi inaondoka na elfu 15. Benki nayo inabanwa na ule utaratibu wa kubakiza theluthi moja ya mshahara. Ukikopa mpaka mwisho hapo, familia inabaki na theluthi na wewe uko kwenye baridi. Wengi wakifika hapo ndipo wanaingia kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mitaani wa riba kubwa.

Tajiri_Mtarajiwa:
Mnamkatisha tamaa kijana. Binamu yangu aliuza shamba la chai akaenda, leo ana makaratasi ya kudumu na kajenga Uyole. Uza miti, miti inapandwa tena.

Binti_Rungwe:
Alienda mwaka gani huyo binamu? Kuanzia Septemba 2025 kibali cha kusoma kinataka mtu mmoja aonyeshe dola za Kanada 22,895 za kujikimu mwaka wa kwanza, mbali na ada na nauli. Barua ya ufadhili ya chuo inahesabika humo. Asiye nayo aonyeshe fedha hizo kwa njia nyingine, kama taarifa za benki.

Mwanjelwa_Kwetu:
Asanteni sana. Nimeangalia, ni ya madarasa. Sasa dada, huyo profesa anaandikiwaje? Niliwahi kutuma barua pepe kumi na kitu, kimya.

Binti_Rungwe:
Ulituma barua ileile kwa wote? Wanaijua. Usianze na "tangu utotoni nilipenda kilimo". Chagua watu wachache, soma makala moja ya kila mmoja, halafu andika kitu ambacho ni wewe tu unaweza kukiandika. Wewe unakaa karibu na TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, wakulima wako wanalima viazi mviringo na mnyauko unawamaliza. Kwa mfano:

"Ni afisa kilimo nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Msimu uliopita wakulima ninaowahudumia walirudia mbegu za shambani na mnyauko ukarudi nazo. Nimesoma kazi yako ya vimelea vya udongo, nataka kujua kama una nafasi ya masta yenye ufadhili mwakani."

Mistari hiyo, CV na matokeo ya chuo. Basi. Akijibu "omba chuoni kwanza", muulize wazi kama ana fedha za mwanafunzi.

Mwanjelwa_Kwetu:
Na ile pesa ya kushikilia nafasi?

Mzee_wa_Isyesye:
Usilipe. Waandikie uulize kama unaweza kuahirisha mwaka mmoja au kuhamia ya utafiti. Wakati huo nenda kwa afisa utumishi, jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Ukiondoka kwa ruhusa mshahara unaweza kuendelea na unasaini mkataba wa kurudi kutumikia. Ukiondoka kimyakimya huo ni utoro kazini, na Bodi bado inakudai.