Wakaguzi wa dohani mnaomulika tochi na kuandika "iko salama", mnachezea roho za watu

Wakuu, nina hasira na nitaandika nikiwa nayo.

Mkaguzi anakuja kuangalia dohani na meko ya sebuleni. Anapiga magoti, anamulika tochi juu, anagongagonga matofali mawili matatu, anaandika "iko salama", anadai hela yake, anaondoka. Juu ya paa hajapanda. Kamera hana. Kwangu karatasi ilitoka hivyohivyo, ina sahihi na muhuri. Fundi mwingine alipokuja kupandisha kamera, tukakuta vigae vya udongo vinavyokinga njia ya moshi kwa ndani vimepasuka, na kipande kimoja kimebanduka kabisa. Nyuma ya pengo lile ni tofali, na nyuma ya tofali ni mbao za nyumba. Na moto tulikuwa tunawasha kila jioni, watoto wamelala chumba cha juu!

Tochi haivuki kona ya bomba. Hilo kila fundi analijua. Kwa nini basi unaweka sahihi kwenye kitu ambacho hujakiona?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kasoro zenyewe si ngeni. Ni zilezile nyumba hadi nyumba. Chukua kreosoti. Moshi wa kuni ukipanda unapoa, na mvuke wake unagandia kwenye kuta za njia ya moshi. Mwanzoni ni masizi laini, brashi inayatoa bila shida. Yakiachwa yanakuwa magamba meusi makavu. Yakizidi kuachwa yanageuka tabaka gumu la lami linalong'aa, na hilo brashi ya kawaida hailiwezi. Kipimo wanachokitumia mafundi wengi ni milimita 3: masizi yakifika unene huo, usiwashe tena mpaka pasafishwe. Likiwa ni lile tabaka la lami, usisubiri hata hizo milimita 3. Sasa niambieni, mtu aliyepiga magoti chini na tochi amepima milimita ngapi?

Kreosoti ikishika moto, joto ndani ya dohani linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Vigae vinapasuka, saruji ya viungo inaachia. Na msidhani lazima mtasikia mngurumo. Kuna moto wa dohani unaowaka polepole na kuzimika wenyewe, wenye nyumba wasijue kitu. Dalili hubaki: masizi yaliyofura na kujaa vitundu, mlango wa chuma wa kufungia njia ya moshi umepinda, magamba meusi yametapakaa juu ya paa. Mkaguzi ndiye anayelipwa kuzisoma dalili hizo. Asipozisoma, moto unaofuata unapita kwenye nyufa na kukutana na mbao.

Halafu ukilalamika, anakugeuzia kibao: "Mnachoma kuni mbichi." Ni kweli kuni zinatakiwa ziwe na unyevu chini ya asilimia 20, na mbichi zinaleta kreosoti nyingi. Lakini hilo nalo lilipaswa kuandikwa kwenye ripoti, si kusemwa baada ya mteja kukasirika.

Maji ni hadithi nyingine. Kofia ya juu haipo au imeoza kwa kutu, mvua inaingia moja kwa moja na ndege wanajenga viota. Zege la kilele lina nyufa. Mabati yanayoziba kiungo cha paa na dohani yameinuka. Watu wanabadilisha dari na kupaka rangi upya wakidhani paa ndilo linavuja, kumbe ni dohani, kwa sababu mkaguzi aliona uvivu kupanda ngazi.

Na hicho kiota kikiziba njia, moshi unarudi ndani pamoja na kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, anadhani ni uchovu, anakwenda kulala. Wapo wasioamka. Mkaguzi aliyeingia nyumba yenye meko akatoka bila kuuliza kama kuna king'ora cha kaboni monoksaidi, mimi simhesabu kuwa amekagua.

Msiniambie hakuna utaratibu. Kiwango cha NFPA 211, cha shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, kinataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na kimegawa ukaguzi katika ngazi tatu. Nyumba ikiuzwa, aina ya nishati ikibadilishwa, au dohani ikiwa imewahi kushika moto, inatakiwa ngazi ya pili, ambapo ndani ya njia ya moshi panatazamwa kwa kamera au kifaa cha namna hiyo. Tochi peke yake haifiki huko.

Kuanzia leo, kwangu hakuna malipo kabla ya kuona picha za ndani ya njia ya moshi kutoka chini hadi juu, picha ya kilele, na maandishi yanayosema ni sehemu zipi hazikufikiwa na kwa nini. Yule wa kwanza nimemdai arudishe hela na afute ripoti yake kwa maandishi. Mpaka sasa ananizungusha. Aliyewahi kumbana mkaguzi wa namna hii akafanikiwa, aeleze hapa alianzia wapi.