Sabufa na spika ndogo mbili kwenye amplifaya ya zamani: niunge vipi?

MtuWaGungu (Kigoma)
Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nina amplifaya ya stirio aliyoniachia marehemu baba mdogo, mtu wa reli na mgonjwa wa rumba ya ng'ambo ya ziwa. Nyuma ina sehemu za spika A na B tu, tundu la sabufa hakuna. Spika zangu ni mbili ndogo za kukaa rafuni, omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kila moja. Sabufa nimeichomoa kwenye redio iliyokufa. Haina waya wa umeme, ina nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi, na kibandiko kinasema omu 4.

Jumamosi nilizisokota nyaya za sabufa pamoja na za spika ya kulia, nikabana kwenye A. Besi ilishuka mpaka vikombe vya kabatini vikaanza kusemezana. Dakika kama 20, tik! Kimya. Kugusa mfuniko, wa moto kiasi cha kuanika dagaa. Ilipopoa ikawaka tena. Nimekosea wapi?

Fundi wa Mwanga
Umekosea hesabu, mkuu. Omu 4 na omu 8 zikiungwa sambamba, amplifaya inaona kama omu 2.7. Soma maandishi ya nyuma: nyingi za zamani hazitaki chini ya omu 4 ukitumia A peke yake, na chini ya 8 ukiwasha A na B pamoja. Umeme unapita mwingi kuliko transista zinavyobeba, joto linapanda, ulinzi unakata. Hiyo tik ni rilei, swichi ya ulinzi inayojikata yenyewe, ishukuru. Kuihamishia B hakukusaidii.

Halafu sabufa hiyo ilikuwa inachujiwa sauti na ile redio iliyokufa. Sasa inapokea kila kitu, hadi waimbaji. Tafuta yenye amplifaya yake ndani, yenye waya wa umeme.

MtuWaGungu (Kigoma)
Jirani anauza ya namna hiyo, laki na ishirini. Nyuma ina matundu ya AV, nyekundu na nyeupe, na pembeni vibanio vya nyaya za spika.

Fundi wa Mwanga
Vibanio hivyo ndiyo njia yako. Zima kila kitu, chomoa ukutani. Spika ndogo zibaki A, na palepale A toa nyaya nyingine, kulia na kushoto, ziende kwenye vibanio vya sabufa. Upande huo una ukinzani wa maelfu ya omu, amplifaya hata haistuki. Usitumie B, kuna amplifaya ambazo A na B zikiwashwa pamoja zinapangwa mfululizo, umeme unapita moja kwanza ndipo nyingine, na spika zako zitabaki kunong'ona.

Nyaya zinazotoka kwenye A usiziingize kamwe kwenye matundu ya AV ya sabufa, utaiua. Kitufe cha kuchuja anzia hezi 80, ukiona pengo kati ya besi na spika panda kidogo.

Mnyamwezi wa Ipuli (Tabora)
Angalia na nyekundu na nyeusi. Mimi nilikaa miezi mitatu nikiilaumu sabufa bure, kumbe spika moja niliigeuza nyaya na besi zilikuwa zinauana hewani. Chomoa spika kwenye amplifaya, chukua betri ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu, gusisha mara moja. Koni ikiruka nje uko sawa, ikizama ndani kuna mtu kageuza. Kwenye sabufa utakuta swichi ya 0 na 180, ya kugeuza mwendo wa koni. Kaa kwenye kochi lako, mwambie mtu aigeuzegeuze, uiache pale besi inapojaa.

Na kama amplifaya ilitoka Japani, hakikisha haijaandikwa volti 100. Hapa kwetu ni 230, itaondoka na moshi.

MtuWaGungu (Kigoma)
Imeandikwa 220–240, baba mdogo hakuwa mjinga. Nimeunga, saa mbili nzima mfuniko ni vuguvugu tu. Mwanzo niliiweka sabufa kwenye kona, nyumba ikaunguruma kama lori la mizigo linapanda mlima, nimeivuta hatua moja na nusu, sasa gitaa la besi nalisikia noti kwa noti. Swichi ipo 180.

Mama watoto kauliza bei, nimemwambia elfu sitini. Asije akapita humu.