Filamu ya geisha imetugawa kwenye kundi letu la vitabu, naombeni ushauri

NyotaYaTanga:
Wakuu, salaam. Nina kundi la kusoma vitabu, wengi wetu akina mama, na vijana wachache wanaotuvumilia. Tumemaliza riwaya ya Arthur Golden ya mwaka 1997, Memoirs of a Geisha (geisha ni mwanamke wa Kijapani aliyefunzwa ngoma, muziki na mazungumzo ili kuburudisha wageni), na Jumamosi tukatazama filamu yake ya 2005 iliyoongozwa na Rob Marshall. Nilitegemea tunywe chai huku tukijadili mapenzi ya Sayuri, geisha wa hadithi, na yule bwana anayeitwa Mwenyekiti. Ikawa patashika.

Mmoja alikuwa anafuta machozi ya kule mwanzo, ndugu wawili wanapochukuliwa usiku wa mvua na kutenganishwa mlangoni. Jirani yake akamkatiza: "Unalilia nini, na hao wakubwa wote hata Wajapani si Wajapani?" Ni kweli, Zhang Ziyi na Gong Li ni wa China, Michelle Yeoh ni wa Malaysia, na hapo wanaigiza wanawake wa Gion, mtaa wa mageisha mjini Kyoto, Japani, tena kwa Kiingereza. Mwingine akadakia kwamba kitabu chenyewe ni uzushi, maana mwanamke aliyemsimulia mwandishi alimpeleka mahakamani. Mwalimu wetu mstaafu ndiye akamaliza kazi: "Hao si makahaba tu? Tunapoteza muda." Wawili hawajajibu meseji zangu hadi leo.

Kikao kijacho naongoza mimi. Niendelee, au nichukue kitabu kingine yaishe? Nikiendelea, nianzie wapi?

MzeeWaKahawa:
Sisi wengine Geisha tunaijua ya sabuni. Nimekaa paleee nawasubiri wajuzi.

BintiPangani:
Dada, usihame. Ukihama leo, kitabu kijacho watakukimbia vilevile.

Hilo la waigizaji lisikushangaze, lilizua kelele dunia nzima, na hasira zilitoka pande mbili zisizopatana. Wajapani wengi waliuliza kwa nini nafasi kubwa kama ile akose Mjapani. Mwenyekiti ni Ken Watanabe na Nobu, mshirika wake wa biashara, ni Koji Yakusho, Wajapani hao, lakini wanawake watatu wanaobeba hadithi hawakutoka kwao. China nako, serikali ilizuia filamu isionyeshwe mapema mwaka 2006, na Zhang Ziyi akatukanwa mitandaoni kana kwamba ameuza nchi. Hadithi inapita katika miaka ileile jeshi la Japani lilipokuwa China. Mauaji ya mji wa Nanjing yalikuwa 1937, na wanawake wa Kichina walilazimishwa kuingia madanguro ya askari. Mtu mwenye bibi aliyepitia hayo, ukimwonyesha nyota wa kwao anawamiminia sake, ile pombe ya mchele, wanaume wa Kijapani, hataangalia uzuri wa kimono.

Mkatashauri:
Mnakuza mambo. Mandela aliigizwa na Morgan Freeman, Mmarekani, mwaka 2009, kisha Idris Elba, Mwingereza, mwaka 2013. Tulitazama tukapiga makofi. Uigizaji ni kazi.

BintiPangani:
Mkuu, Marshall naye alijitetea hivyohivyo, kwamba alichukua aliyemfaa. Ila Marekani haijawahi kuikalia Afrika Kusini kijeshi, kwa hiyo mfano wako unafika nusu ya njia. Hata hivyo mpe NyotaYaTanga hoja yako, itamsaidia kuchangamsha kikao.

FundiMitindo:
Mimi nashona, kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye nguo. Colleen Atwood alipata Oscar ya mavazi kwa filamu hii (zilikuwa tatu, pamoja na picha na mandhari) na kwa jicho la ushonaji simnyimi. Lakini rudieni ile ngoma ya Sayuri jukwaani. Nywele zimemwagika, theluji ya bandia inashuka, yuko juu ya viatu virefu vyeusi, taa ya buluu. Hayo ni maonyesho ya mitindo ya Paris. Gion ina ngoma zake za masika, Miyako Odori, tangu 1872, na wachezaji hupangana safu, nywele zimefungwa, kila kidole kina adabu yake. Viatu virefu namna ile ni vya oiran, yaani kahaba wa daraja la juu wa zamani.

Na hapo ndipo utamjibu mwalimu wako. Oiran alifunga mkanda wa obi mbele. Geisha hufunga nyuma, na wa maiko, yule mwanafunzi, huning'inia mgongoni hadi karibu na visigino. Zilikuwa kazi mbili tofauti, na mavazi yalizitangaza mtaani. Mtengenezaji wa filamu akizichanganya, mtazamaji wa Tanga atajuaje?

MsomajiTaratibu:
Naunga mkono, ila tusiwaoshe sana. Wasichana waliuzwa kwenye okiya, yaani nyumba za mageisha, wakakua wakilipa deni la chakula na kimono, na wengi walimtegemea danna, mwanaume mwenye pesa. Mwalimu amekosea neno, lakini hajakosea kuhisi kuna jambo.

Kuhusu kesi: Mineko Iwasaki alikuwa geisha maarufu Gion. Alisema alikubali kuzungumza kwa sharti asitajwe, kisha akakuta jina lake kwenye shukrani za kitabu. Akashtaki 2001, wakamalizana nje ya mahakama 2003. Kilichomuuma zaidi ni mnada wa ubikira wa Sayuri kitabuni, jambo ambalo yeye alisema halikumtokea. Sasa angalieni miaka. Iwasaki alizaliwa 1949, na sheria ya kuzuia ukahaba ilipitishwa Japani mwaka 1956. Sayuri anakulia miaka ya 1930. Ushahidi wa Iwasaki ni wa enzi yake, hauwezi kufunga mjadala wa enzi iliyotangulia.

Ndiyo maana ningemtafuta Sayo Masuda, aliyeuzwa akiwa mtoto na kuwa geisha huko Suwa, mji wa chemchemi za maji moto, kabla ya vita. Alisimulia maisha yake mwenyewe mwaka 1957. Hakuna hariri nyingi mle. Ukimsoma, utaona Golden hakubuni mateso, alichobuni ni Mwenyekiti wa kuja kuyafuta.

Jambo jingine, waambie wanakikundi ile dibaji ya profesa mfasiri ni sehemu ya riwaya. Hakuna profesa huyo. Nusu ya ugomvi wenu unatoka pale, watu wamesoma hadithi kama wasifu.

MzeeWaKahawa:
Kumbe! Mimi mke wangu alikisoma chote akiamini ni mama wa kweli anayeishi New York.

NyotaYaTanga:
Ahsanteni sana. Sihami. Nitaanza na dibaji, kisha tutarudia ile ngoma peke yake, FundiMitindo amenipa macho mapya. Mwalimu nitampa zamu ya kwanza kuzungumza, najua akipewa heshima yake hutulia. Mkatashauri, Mandela wako naye nitamwingiza.

Kwa Masuda, nimepata nakala moja ya Kiingereza na sisi tuko wengi. Nikisoma kurasa chache kwa sauti inatosha, au nigawe sehemu kabla ya siku yenyewe?

MsomajiTaratibu:
Soma kwa sauti. Chagua kurasa za utotoni, na filamu usiirudie yote siku hiyo, ina zaidi ya saa mbili, watasinzia.