Epo za gala zinakuwa tamu mwezi gani? Niko Kigoma

Mwana_Ujiji
Wakuu habari za jioni. Mimi napenda epo sana, hasa ile ya mistari myekundu juu ya njano, gala. Kuna kipindi nikinunua naikuta ngumu vizuri, ukiing'ata inalia na maji yanatiririka mpaka mkononi, halafu kuna miezi nanunua hiyo hiyo, ganda linang'aa kabisa, ndani unga mtupu na bei ni ile ile. Watoto wanaing'ata mara moja wanaiacha mezani. Naomba mnaouza matunda mniambie, epo zina msimu kama embe au ni bahati tu?

Muuza_Matunda
Zina msimu, mkuu. Epo nyingi tunazokula huku zinatoka Afrika Kusini, kule Western Cape, maeneo ya Ceres na Grabouw, wanavuna kuanzia mwishoni mwa Januari mpaka Mei hivi. Gala ndo inatangulia, inafuata golden, halafu ile ya kijani granny smith kwenye Machi Aprili, pink lady inakuja mwisho. Sasa weka na safari ya mpaka Dar, weka na lori la kuja Kigoma, kwa hiyo gala ya kati ya Aprili na Juni ndo unaila ikiwa mpya. Hizo za Novemba na Desemba zimekaa kwenye vyumba vya baridi vilivyopunguzwa oksijeni ili zisiive, na gala ikishatoka humo ikakutana na joto letu haichukui siku nyingi inageuka unga. Granny smith na pink lady zinavumilia zaidi, mwisho wa mwaka chukua hizo. Na kung'aa kusikudanganye, zinapakwa nta. Ishike, ikibonyea irudishe, ikiwa nyepesi kuliko ukubwa wake irudishe pia.

Mnyamwezi_Asili
Mimi niko Tabora, Desemba sinunui epo kabisa jamani, nitanunuaje na embe dodo zimejaa kila kona? Epo naisubiri Pasaka ipite. Na mimi ni wa pink lady, ule utamu wenye ukali kwa mbali, naikata vipande vyembamba nachovya kwenye asali yetu ya miombo, acha kabisa. Jaribu mwezi wa sita utanitafuta.

Mama_Wawili
Nyongeza kidogo kaka, usiziweke kapu moja na ndizi. Epo inatoa gesi ya ethilini, hiyo ndo inaivisha matunda, ndizi zako zitaiva zote kwa mpigo. Epo ziweke friji chini kwenye kontena lenye mfuniko, nje zinalegea haraka sana. Halafu tusisahau za nyumbani, Njombe na Lushoto wanalima, mti wa epo unataka baridi ndo utoe maua vizuri, huku kwetu ziwani joto linaukatalia. Ukiwa na mtu anatoka huko mwagize, mimi nikizipata sitaki nyingine.

Mwana_Ujiji
Asanteni sana, nimeelewa kwa nini za Krismasi zinanisumbua. Mkuu na hiyo golden ya njano vipi, inaliwa hivi hivi au ya kupikia?

Muuza_Matunda
Zote mbili, ila inachubuka upesi, usikubali yenye madoa ya kahawia. Ikianza kulegea ichemshe na mdalasini kidogo, watoto watamaliza.